Draiva niliyoifunga Makote

Alhamisi. Newala imeamka na ukungu mzito, nami nimeamka bila hamu ya kushika koleo.

Leo ni siku ya tisa tangu tumzike Mama Zuhura. Alikuwa na mashine ya kusaga kule Makote. Chumba chake hakina dirisha, ndiyo maana akaniita nimfungie taa mbili kubwa za LED, zile ambazo chipu zake za kutoa mwanga hukaa juu ya kipande cha aluminiamu cha kupoza joto.

Taa hizo hazipokei umeme wa nyumba moja kwa moja. Zinataka draiva, kiboksi cha kuzipunguzia umeme. Ziko za aina mbili. Moja inautenga umeme mkali usifike kwenye taa, nyingine haiutengi. Kwa macho zinafanana. Ya kwanza ilikuwa dukani Masasi. Ya pili nilikuwa nayo kwenye begi.

Siku ile sikutaka kwenda Masasi, nikafunga ile ya kwenye begi. Sina sababu nyingine.

Na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, sikuuvuta. Nilijiambia nitarudi.

Mama Zuhura alipanda kwenye stuli asubuhi, taa zikiwaka, akafuta vumbi la unga kwa kitambaa kibichi, akaanguka, akafa papo hapo. Msibani wengine walisema ni presha, wengine wakasema siku yake ilifika. Niliitikia amina pamoja nao. Nilibeba jeneza pamoja nao.

Jana nilikwenda kuzishusha zile taa. Nikaziwasha kwanza, nikagusisha testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye aluminiamu.

Ikawaka: aluminiamu ilikuwa na umeme.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mumewe. Baba Zuhura alikuwa amekaa mkekani, nje ya mlango wa mashine uliofungwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika. Nikamweleza yote: draiva, ethi, uvivu wangu, nikamwomba msamaha. Nilitegemea anipige. Nadhani nilitaka anipige.

Akauliza, "Taa kama hizi umefunga wapi kwingine, fundi?"

Nikamwambia kwa seremala mmoja wa Chiwata, na darasa moja Chilangala.

Darasa. Nililisikia neno likiwa limeshatoka.

"Watoto wako darasani saa hizi," akasema. "Na wewe umekaa hapa unaniomba msamaha."

Nilimpigia simu mwalimu wa darasa hilo nikiwa bado mbele yake, nikamwomba azime swichi kuu na kuwatoa watoto nje. Nikampigia na seremala, naye akazima. Kisha nikapanda pikipiki hadi Chilangala. Nikawasha taa moja moja na kuipima. Kati ya taa tatu, moja iliwasha testa. Nimezishusha zote.

Siku tisa nilikuwa nikijihurumia, na watoto wamekaa chini ya taa ile. Mwenye msiba ndiye aliyewakumbuka.

Baba Zuhura hakusema amenisamehe. Sitamwomba tena.

Kesho nitapitia Chiwata kuzishusha zilizobaki, halafu nitakwenda polisi mwenyewe. Mke wangu yuko jikoni, hajui lolote. Nikimaliza sentensi hii nitainuka nimwambie.