Picha ya Aliyechelewa

Jumatatu, 4 Machi

Jana tumemzika Mzee Bado. Leo saa mbili asubuhi nimejikuta studio, kama kawaida yangu ya miaka ishirini na mbili. Miguu imenileta yenyewe.

Mlangoni — picha. Watu wamezitoa majumbani kwao na kuziegemeza ukutani, baraza nzima. Maharusi, watoto vibogoyo, wahitimu, askari mmoja kavimbisha kifua. Zote kazi ya mzee. Nimehesabu hadi sitini nikaacha, maana zimepinda kona hadi kwa kinyozi. Nyingi nilizipitishia brashi mwenyewe, nikafuta chunusi na makovu, lakini sikuwahi kuziona pamoja. Mji mzima umekaa mbele ya mtu mmoja! Nimesimama na funguo mkononi.

Kinyozi anaingia dukani kwake kwa ncha za vidole. Anasema hana ubavu wa kufagia hapo.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimethubutu kuingia chumba cha kupigia. Kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, kitambaa juu. Nikakifunua. Kidirisha chake cha hesabu kinaonyesha zimepigwa kumi na moja. Mkanda ni wa picha kumi na mbili. Nikakaa chini pale pale.

Ndivyo alivyokuwa. Kila mkanda anabakiza picha moja, anasema ni ya atakayechelewa. Kila familia inaye — mjomba anayefika anahema, viatu mkononi, wenzake wameshapigwa. Mzee hamnunii. Anamkalisha, anamwambia, "Bado, bado, pumua kwanza." Mtu akishusha mabega tu, kachu! Kapigwa. Ndipo alipopata jina. Ndiyo maana hata mkorofi ukimwona kwenye picha ya mzee unampenda. Mbinu naijua miaka yote hii na bado sijui aliwezaje.

Sasa imebaki moja, na mwenyewe hayupo. Nampiga nani?

Jumatano, 6 Machi

Kinyozi anashauri niipige ile baraza na picha zake zote. "Mama Brashi, usipoteze nafasi, mvua ikija tumeumia." Si wazo baya. Nimemwambia nitafikiria. Moyoni nimeshakubali — ngoja jua litulie, labda Ijumaa.

Ijumaa, 8 Machi

Sikupiga. Binti wa mzee kaja.

Siku tano baada ya maziko! Miaka tisa hawajasemeshana. Alimwambia baba yake mbele ya wateja kwamba anapoteza maisha kwa kazi iliyokwisha kufa, siku hizi kila mtu ana simu. Mzee naye akamjibu akitoka mlango ule asirudi. Mimi nilikuwepo, brashi ikanidondoka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," nikasema, sauti kavu kama kopo tupu.

Akachuchumaa barazani, akaziinua picha moja moja, akasoma nyuma zilikoandikwa majina, akazirudisha palepale. Kachukua zaidi ya saa. Mwishoni akauliza yake haipo? Nikamwambia wewe si uliondoka. Akainamisha kichwa. Akasema habari zilimfikia Jumatatu, kwa mtu baki, hakuna aliyekuwa na namba yake. "Basi nimechelewa, shangazi."

Lile neno. Nimelisikia kama mzee ndiye kalitamka. Nikajifanya natafuta funguo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefika alfajiri na wazo limenikaba. Ile tabia ya kubakiza picha moja — ilianza lini? Nilidhani tangu zamani. Nikafungua kabati la mikanda iliyosafishwa, nikaishika mmoja mmoja dirishani, nikifuata tarehe zilizoandikwa kwenye bahasha. Ya miaka ile ya mwanzo imejaa, kumi na mbili kamili. Naenda, naenda, nafika mwaka alioondoka binti. Mwezi uleule! Hapo ndipo nafasi ya mwisho inaanza kubaki tupu. Akichelewa mteja, kapewa. Asipochelewa mtu, tupu. Tupu, tupu, miaka tisa, mamia ya mikanda. Na mimi nikikata bahasha pembeni, sijui lolote. Mungu wangu, yule mzee.

Nimemwita binti. Basi lake la kurudi ni saa saba mchana. Nikampa mikanda ya kabla na baada ya mwezi ule, na tarehe zake, aiangalie mwangani, sikumweleza neno. Kwenye mkanda wa tatu tu akaelewa. Akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kuambiwa.

Sijawahi kushika kamera ile, mimi ni mtu wa brashi. Saa nne, mwanga wa dirisha umekaa vizuri. Nikainama. Yeye kakaza uso, utadhani anapigwa ya paspoti. Nikasema, "Bado, bado, pumua kwanza."

"Usinidanganye, shangazi, hiyo ya baba naijua." Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kikubwa, mwili mzima, akakimbilia uani kunawa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza. Nimeogopa kuiharibu, ndiyo pekee.

Naandika hapa nyuma ya kamera, daftari gotini. Hasira yangu naitafuta siioni. Ningemwambia nini sasa? Kwamba alisubiriwa kila mkanda? Keshaona mwenyewe.

Kidirisha bado kumi na moja.

Bomba limefungwa. Nasikia ndala zake kwenye korido. Hajajifuta, maji yanadondoka sakafuni, uso hajaupanga. Anauliza kama nipo tayari.

Bado, nimemwambia, na kidole kiko juu ya kitufe, nangoja mabega yake yashuke.