Filamu ya Mfalme na Mfagiaji

Jumanne. Mvua ya asubuhi imeuacha uwanja wa kambi yetu ya polisi matope matupu, na upande wa Namuwongo moshi wa majiko umelala chini, hautaki kupanda. Nimeanika nguo mara mbili na kuzianua mara mbili. Mikono ina kazi, lakini akili yangu bado iko Jumamosi.

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa. Siku hizi hata kuwaza kwa nguvu kunatisha. Lakini nisipoyaandika nitayasema, na kuyasema ni hatari zaidi.

Mama Ocen ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Mumewe alikuwa sajini hapa kambini, mtu wa Acholi, mpole, mwenye kicheko cha kikohozi. Kabla ya mwezi wa mfungo, wanaume wa miwani myeusi walimwita nje akiwa ananyoa ndevu, povu la sabuni bado liko shavuni. Wakamtia kwenye buti la gari, wakaenda naye.

Tangu hapo Mama Ocen akawa anasema mumewe amekwenda safari. Sote kambini tukasema hivyo hivyo.

Kila wiki alivaa gauni lake zuri na kuzunguka kwenye malango ya makambi, akiuliza. Kila alipotoka tulihofu kwamba safari hii hatarudi. Nilimsihi sana arudi kwao Gulu na watoto. Alinijibu neno moja tu: "Akija, nani atamfungulia mlango?"

Basi Jumamosi ikaletwa filamu. Ni moja ya zile zilizobaki kwenye majumba ya sinema ya mjini Wahindi walipofukuzwa. Mume wangu, Baba Zubeda, ni dereva wa lori hapa, lakini kabla ya kuingia polisi alikuwa akibeba kanda kwenye jumba la sinema la Mhindi mmoja, na Kihindi alikiokota huko. Mimi nilikiokota Kololo, nikilea watoto wa Wahindi. Kwa hiyo filamu ikija, yeye ndiye husimama kando ya shuka ya kuonyeshea na kututafsiria kwa Kiswahili, bomba la bati la kukuzia sauti mdomoni.

Ilikuwa mchana, madirisha ya bwalo la kambi yamezibwa kwa mablanketi, joto la kukatisha pumzi. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mito, alikaa mgeni, meja mmoja wa jeshi. Nyuma yake walikaa wawili wa miwani. Hata gizani hawakuivua.

Filamu yenyewe ni ya ajabu. Mfalme na mfagiaji wa jumba lake wanapigwa na radi moja, na roho zao zinabadilishana miili. Mfalme anaamka amelala kwenye majivu, ufagio mkononi. Anapiga kelele kwamba yeye ndiye mfalme, na askari wake mwenyewe wanamchapa viboko. Watu walitaka kucheka, lakini kila mtu alimtazama Meja kwanza. Meja akacheka. Ndipo bwalo zima likapasuka kwa kicheko.

Halafu mfagiaji, akiwa ndani ya mwili wa mfalme, anarudi kwenye kibanda chake. Amevaa koti la kijeshi, nishani zimejaa kifua kizima. Mke wake anaanguka kifudifudi kwa hofu, maana hamjui.

Hapo Mama Ocen akasimama.

Alikuwa safu mbili mbele yangu. Alinyoosha kidole kwenye lile koti lenye nishani, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Wewe! Mume wangu mulimpeleka wapi?"

Kicheko kilikatika. Ilisikika mashine tu ikizungusha kanda, na kilio cha yule mke kwenye shuka. Niliona kichwa cha Meja kikigeuka polepole. Mmoja wa wale wa miwani alishanyanyuka.

Nikasikia bomba la bati. Baba Zubeda, kwa sauti ileile ya kutafsiri, bila haraka, akasema: "Mke anamuuliza mfalme: mume wangu mulimpeleka wapi?"

Kwenye shuka yule mwanamke hakuwa amesema lolote. Alikuwa analia tu. Lakini katika bwalo lile ni mimi na mume wangu tu tuliojua Kihindi. Watu wakapumua. Kumbe ni maneno ya filamu, jirani yetu amechanganyikiwa nayo, ameyatangulia.

Mfalme akafungua mdomo. Kwa Kihindi alikuwa anamwambia mkewe mahali walipozoea kuficha chumvi, ili amtambue. Baba Zubeda akasema hivi, na ninayaandika kama nilivyoyasikia:

"Mimi ndiye mume wako. Usiutazame mwili huu. Ule wangu umebaki mahali ambapo mtu harudi. Usizunguke tena kwenye malango, utawapotezea watoto mama yao. Wapeleke kwa mama yangu. Nilicheka hapa kidogo, nikakukumbuka. Mlango ufunge tu, Nyako."

Midomo ya mfalme ilifungwa palepale maneno yalipokwisha.

Nyako. Msichana, kwa lugha yao. Hivyo ndivyo Sajini alivyokuwa akimwita mkewe, na sisi tukisikia kupitia ukutani na kutabasamu. Watu walidhani ni jina la yule mke wa kwenye filamu.

Mama Ocen alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa, taratibu, kama mtu anayeweka chini mzigo wa kichwani. Meja akaguna, "Wanawake na sinema!" Yule wa miwani naye akakaa.

Filamu ikaendelea. Sikuona mwisho wake.

Tulipofika nyumbani nilifunga mlango nikamuuliza mume wangu maneno yale aliyatoa wapi. Nilidhani ameyatunga, na hilo peke yake lilinitosha kumshangaa maisha yangu yote. Alikaa kwenye kigoda, jasho limemganda.

"Sikuyatunga," akasema. "Nilipewa."

Aliwahi kutumwa kupeleka magunia ya unga wa posho na maharage kwenye nyumba moja ya wale wa miwani. Alipokuwa anashusha, mtu alimwita kwa jina kutoka kwenye dirisha la nondo. Uso hakuutambua, ulikuwa si uso tena. Alitambua sauti, na kile kicheko cha kikohozi. Sajini aliposikia kwake kwamba mkewe anazunguka malangoni, alimpa maneno yale ampelekee, hayo tu, mpaka neno la mwisho. Baba Zubeda aliporudi na magunia mengine, chumba kilikuwa kimeoshwa na mlango uko wazi.

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia angelia. Akilia, wangemuuliza nani kakwambia."

Akasema alikwishakata tamaa ya kuyafikisha. Halafu Mama Ocen akauliza mbele ya wote, na mfalme akafungua mdomo.

Jumapili Mama Ocen alikuja mlangoni, macho yamevimba. "Baba Zubeda," akasema, "ile filamu ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akampa mkono kwa mikono yote miwili, huku amepiga goti kidogo, na mume wangu, mtu mzima na mkanda wake wa polisi, akageukia ukutani.

Leo alfajiri nimewasindikiza kwenye basi la Gulu, yeye na watoto. Kichwani amefunga kitambaa cha mjane, kwa mara ya kwanza. Ocen, mwanawe, alikaa dirishani na hakupunga mkono, alinitazama tu mpaka basi likakata kona.

Nami nimerudi, nimeanika nguo, nimeandika. Miezi yote ile mume wangu alikula, alicheka na Zubeda, alilala ubavuni mwangu, na kumbe alikuwa amembeba mtu mwingine kifuani bila kumwangusha. Mimi ninayejua hata namna anavyokohoa, sikuona kitu.

Ni nani huyu niliyeolewa naye?

Namsikia nje anamfunga Zubeda viatu, anamwimbia vibaya kama kawaida yake. Ngoja niweke kalamu chini, nitoke nikamtazame.