Mikia Miwili Mezani kwa Zuhura

Dada Mwanaidi,

Saa nne asubuhi hii mwalimu wa Zuhura, Mkenya, ametamka mbele yangu hapa chuoni Braamfontein: mwanao amepata kazi ya kutunza mijusi wa maabara. Atakupigia simu, ila hili hatakusimulia.

Aliwekewa mijusi wawili wa ukutani kutoka Asia, wamekauka, wanafanana kabisa. Akiwachanganya, kazi inakwenda kwa mwingine. Akawageuza chali bila haraka.

"Huyu mkia wa mviringo, una miiba midogo. Huyu mkia bapa, kingo kama msumeno, na ngozi imechomoza ubavuni. Ni aina mbili."

"Umejifunza wapi kutazama hivyo?" mwalimu akamuuliza.

"Tanga. Mama akiwaua kwa ufagio, mimi ndiye ninayetumwa kuwatupa. Nilikuwa nawachunguza kwanza."

"Eish! Basi mama yako ndiye aliyekufundisha. Mimi nimemalizia tu."

Tumecheka mpaka mlinzi akachungulia. Baridi ni kali, lakini binti ana koti zuri na anakula vizuri.

Anaanza Jumatatu saa mbili. Likizo ya Desemba anakuja nyumbani, kwa hiyo ufagio uufiche mapema.

Mdogo wako akupendaye,
Salim