Tezi Nne za Nesta

Ndalambo,
14 Agosti 1953

Kwa shemeji yangu Amoni,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, Aida na watoto hamjambo huko Mufulira. Uniwie radhi kwa kukaa miezi mitano bila kukuandikia. Sikukosa karatasi, nilikosa la kusema.

Dada yako Nesta alipasuliwa mwezi wa Machi katika hospitali ya misheni, akakatwa kipande cha utumbo mpana chenye kansa. Kidonda kimepona. Anakula ugali wa ulezi, na ananicheka kwamba mgonjwa ni yeye lakini anayekonda ni mimi.

Majibu ya uchunguzi wa kipande hicho yalirudi kutoka Dar es Salaam mwezi uliopita. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu hupenda kupitia tezi ndogo zilizo kando ya utumbo, kwa hiyo hukaguliwa moja moja. Zilikaguliwa nne, zote safi. Nilisimama kushukuru, naye akaniambia nikae. Alisema nne ni chache mno. Kama zingekuwa kumi na tano safi, angetuaga kwa moyo mtulivu. Nilimwuliza kama safi si safi. Alijibu kwamba hajui tezi nyingine ambazo hazikupatikana zilikuwa na nini, hivyo hawezi kusema kama Nesta ataishi miaka mingi au miwili. Hata leo sijui nilipewa habari njema au mbaya. Nesta mwenyewe ameniuliza nilifundisha hesabu miaka thelathini kwa faida gani.

Sasa daktari anauliza kama amfungue tumbo tena, aone kama ugonjwa umebaki, au tungoje. Mama yenu Ikupa anasema daktari huyo aliharibu kazi, asimguse tena mwanawe.

Shemeji, daktari hakuharibu. Siku ile ya upasuaji alitia uvimbe katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi, upelekwe Dar es Salaam. Sehemu iliyobaki ya utumbo uliokatwa, pamoja na mafuta yake, ikawekwa katika bakuli kungoja chupa ya pili. Mama alikuwa amenisihi kwamba kiungo cha mwanawe kisiachwe ugenini. Nilimwomba Barnaba, msaidizi wa daktari, akanipa, nikaja kukizika nyuma ya nyumba. Tezi nyingine zilikuwa humo, jambo ambalo mimi na Mama hatukulijua. Daktari anadhani zilitupwa. Barnaba alikaripiwa, akanifichia, nami nikanyamaza.

Nesta hajui. Nitamwambia Jumapili, kabla hajachagua, kwa maana tumbo ni lake. Akiisha kuamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, hata kama ataniagiza nikuandikie mabaya yangu.

Mama anakusalimu. Wasalimu wa nyumbani mwako.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu Rubeni