Jina la Vumilia Katika Wimbo wa Tatu

Jumatatu, 6 Juni. Masisi

Maji ya vuguvugu, tangawizi, chumvi. Nimesukutua koo hadi nikakaribia kutapika. Mtu mzima. Miaka yote nimekaa nyuma ya okestra nikipiga bateri, ile seti ya ngoma na matoazi, jasho hadi kwenye viatu, na hakuna aliyewahi kuuliza hali ya koo langu. Sasa nina albamu yangu, nimeimba mwenyewe, na koo linabembelezwa kama mtoto mchanga.

Nimepita dukani kwa Papa Kasereka, aliyelipia studio na anayetubeba kwa gari lake la mizigo. Wanapiga wimbo wa tatu tangu wanapofungua mlango. Ni wimbo wa kilio. Waimbaji wengine hutupa majina ya wakubwa wanaowalipa ndani ya nyimbo zao. Mimi nimetupa majina ya wafu wetu wa kijijini kwetu Kashebere: babu, baba, rafiki zangu wawili wa kwaya. Mwisho kabisa dada yangu, Vumilia. Hapo ndipo watu hulia. Leo mama mmoja amelia huku ameshika kopo la nyanya. Nimejisikia mkubwa.

Jumanne, 7 Juni

Mazoezi ya tamasha. Sauti haifiki juu. Studioni fundi aliinyoosha kwa mashine, lakini jukwaani hakuna mashine. Vidole vyangu vinagonga kila kitu: meza, goti, sahani. Kuimba nimesimama, mikono mitupu, kunanifanya nijione uchi.

Vumilia ndiye alikuwa na sauti. Kanisani Kashebere yeye alitangulia, mimi nikamfuata kwa ngoma. Hata muziki wa wimbo huu ni wake. Aliuimba akitwanga mihogo. Kwenye jalada la albamu nimeandika kwamba ni wangu.

Tulipokimbia vita kila mtu alishika njia yake. Baadaye mtu wa Buleusa akaniambia Vumilia amefia njiani. Sikumuuliza alimwona wapi. Okestra ilikuwa inasafiri kesho yake.

Jumatano, 8 Juni

Nataka kuliandika hili haraka.

Asubuhi redioni. Mtangazaji ananisifu, mpiga bateri wetu mashuhuri sasa anaimba, na kadhalika. Wanapiga wimbo wa tatu. Wasikilizaji wanapiga simu. Wa kwanza anasalimia. Wa pili anasalimia. Wa tatu, mwanamke:

"Miye njo Vumilia. Ule wa mwisho mu wimbo yako. Niko muzima, niko hapa Lushebere ku camp ya bakimbizi. Batu habanunue tena mandazi ku mukono yangu. Banasema niko mufu."

Niliijua sauti ile kwenye neno la kwanza. Kabla hata hajataja jina.

Nikacheka. Nilicheka kweli, redioni. Nikasema majina yanafanana, mama, akina Vumilia ni wengi Masisi nzima, Mungu akubariki. Mtangazaji akacheka pia, akaweka wimbo wa nne.

Nimekaa kitandani na viatu. Nimemkana dada yangu, naye anasikiliza.

Alhamisi, 9 Juni

Aibu. Sijala.

Nimemwambia Papa Kasereka ukweli. Akaniuliza kama nimeuza ule wimbo au nimeuza dada. Yeye si mtu mbaya. Husali kila asubuhi. Ila tamasha ni Jumamosi, na wimbo unapigwa mpaka Walikale. Akaniomba ninyamaze mpaka lipite, halafu tutampelekea mama yule unga na mafuta.

Nilikubali. Niliona hata nafuu. Hilo nalo naliandika.

Ijumaa, 10 Juni

Mama mdogo Esperansi amepiga simu kutoka Kashebere. Alisikia redio. Naye ameijua sauti. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alinikumbusha tu jambo ninalolijua tangu utoto: kwetu, mtu akiliwa kilio angali hai, chakula cha mkono wake hakiliwi. Mpaka yule aliyemlilia aende mwenyewe, mchana, apokee chakula kutoka mkononi mwake na kukila, watu wakiona. Unga hausaidii. Mtu wa kutumwa hasaidii.

Nikapanda pikipiki kwenda Lushebere. Si mbali. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya mahema nikaliona beseni la bluu kando ya barabara, na mwanamke ameketi nyuma yake, kitenge cha kijani, peke yake. Upande wa pili mama mwingine anauza mandazi yale yale na ana foleni.

Nikamwambia dereva ageuze. Nilisema nimesahau simu. Simu ilikuwa mkononi.

Jumamosi, 11 Juni

Tamasha. Uwanja umejaa. Niliapa moyoni kwamba wimbo wa tatu siuimbi.

Waliuomba. Nikapiga wa pili mara mbili. Wakaanza kuuimba wenyewe, bila mimi, uwanja mzima, wanafunzi na akina mama na askari. Nikasogea kwenye maikrofoni. Babu, baba, rafiki zangu. Nilikuwa na nafasi ya kulimeza jina lile. Wapiga gitaa waliacha kupiga, kama tulivyozoea, ili lisikike vizuri.

Nikaimba. Vumilia. Na sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze, ikafika juu.

Walinibeba mabegani. Mimi ni mtu wa hovyo.

Jumapili, 12 Juni. Lushebere

Nimefika baada ya misa, watu wakiwa wengi barabarani. Nilitembea kwa miguu ili nisiweze kugeuza.

Amekonda. Jino moja la mbele halipo. Aliniona tangu mbali na hakuinuka. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya beseni na kunyoosha mikono yote miwili. Watu wakaanza kukusanyika. Walinijua. Mmoja akautaja wimbo, mwenzake akamnyamazisha.

Alinifanya ningoje. Aligeuza mandazi yaliyokuwa kwenye mafuta, yote, moja moja. Kisha akatoa moja la moto na kuliweka kiganjani mwangu. Liliniunguza. Nikalila. Akanipa la pili, nikalila, machozi na kamasi, watu wote wakiangalia msanii mashuhuri. Nikawaambia kwa sauti kwamba huyu ndiye dada yangu, tumbo moja, na redioni nilisema uongo.

Ndipo aliposema, polepole, nisikie mimi tu:

"Ulinililia muzuri, kaka. Lakini haukunitafuta."

Mzee mmoja akaja akanunua mandazi manne, akala la kwanza pale pale amesimama. Vumilia akamhudumia, na hakuniangalia tena.

Nikamuuliza anataka nifanye nini na wimbo. Akasema wimbo ni wake, nimeuharibu mahali pamoja, mwishoni unapaswa kushuka, mimi nimeupandisha.

Jumatatu, 13 Juni

Nimerudi redioni. Mtangazaji alitaka tuzungumzie tamasha. Nikamwambia yule mama aliyepiga simu ni dada yangu, niliijua sauti yake, nikamkana. Muziki wa wimbo wa tatu aliutunga yeye. Hakucheka mara hii. Papa Kasereka amezima redio yake dukani. Hajanisemesha, na gari lake limeondoka na bateri yangu ndani, ngoma zote.

Alasiri nikashuka Lushebere tena. Nilikaa ng'ambo ya barabara, kwenye mawe, mbali kidogo. Yule mama mwingine bado ana foleni. Vumilia alikuwa na wateja watatu. Baadaye beseni likawa tupu, akalipeleka bombani kulisafisha.

Aliimba akisugua. Ule wimbo, bila majina. Mwishoni ulishuka, kama alivyosema, chini sana, mahali ambapo sauti yangu haijawahi kwenda. Sijui kama aliniona.

Nilisikiliza hadi mwisho. Mikono yangu ilikuwa magotini, na haikugonga kitu.