Kalamu Tisa Ulizoniachia

Rwezamenyo, Kigali, 1992

Baba Zaina,

Hukufanya vizuri, na usidhani kwa kuwa umekufa nitanyamaza. Mtu mzima, fundi wa kalamu wa miaka yote ile, anaondokaje duniani na kalamu za watu ndani ya bati la biskuti, bila jina hata moja? Tumekuosha, tumekuzika, tumekusomea, watu wamekula wali wakaenda zao. Kesho yake nafungua bati nitafute sindano, nakuta amana. Kalamu za wino tisa, zote nyeusi, zote za zamani. "Naijua kila moja, Hadija, iko kichwani." Si ndivyo ulivyokuwa ukisema? Haya, kichwa umeondoka nacho.

Chini ya kalamu palikuwa na karatasi. Nikasema afadhali, majina haya hapa. Nikavaa miwani yako. Hadija. Hadija. Hadija. Kila kalamu uliyoitengeneza uliijaribu kwa jina langu, mbele na nyuma ya karatasi, mara mia. La mwenye kalamu, hakuna. Nilikaa chini kwenye mkeka nikalia. Kisha nikakasirika upya.

Zaina wako akasema, "Mama, wagawie watoto wa shule, yaishe." Nilimwambia baba yako hatalala na vitu vya watu kifuani. Zitarudi kwa wenyewe. Nizipange barabarani? Zingeibiwa kabla ya adhuhuri. Ndipo nikafikiria picha. Picha za kalamu dirishani kwa Issa, mwenye studio pale kona, anakopita kila mtu. Picha ionyeshe upande mmoja tu. Anayesema ni yake aniambie upande wa pili kuna nini. Umeona? Mkeo hakusoma sana, lakini akili anayo.

Issa alizipiga zote tisa kwa dakika tano, akaniletea picha anacheka. Baba Zaina, vilikuwa vijiti vya mkaa. Nikamwuliza, "Nani atakitambua kijiti chake hapa? Sogea karibu!"

"Bibi, kamera haisogei zaidi ya hapo. Ukiilazimisha inaona ukungu tu."

"Mume wangu alikuwa haoni hata pua yake, na alikuwa akinyoosha ncha nyembamba kama mdomo wa mbu. Ukungu gani?"

Nikaenda nyumbani nikachukua kile kioo chako cha kukuzia, cha kubana jichoni. Nikakibandika mbele ya jicho la kamera yake, nikachungulia. Ukungu kweli. Nikasogea, nikasogea, mpaka ikabaki shubiri moja, na ghafla ncha ikatokea kubwa kama jani la mgomba, na ufa wake katikati, na wino uliokauka. Issa alichungulia akasahau kufunga mdomo. Tangu siku ile hanichekei.

Usidhani niliweza siku moja. Mikono yangu inatetemeka, unaijua, na kwa karibu vile hata kupumua ni tetemeko. Nikailaza kamera juu ya mfuko wa maharage, ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Juani hapafai, jua linachora mstari mweupe juu ya kalamu nyeusi na chini yake huoni kitu. Nikahamia kivulini, pale mlangoni ulipokuwa ukikaa asubuhi, nikatundika shuka jeupe kati yangu na mwanga. Blanketi nililozilazia kalamu nalo likanidanganya, manyoya yake yakawa nyasi kwenye picha. Nikatoa kibao cha Zaina cha shule, kile cha kijivu, kikafaa. Mara naona kitu cha njano kimekaa kwenye kibano cha kifuniko, nafuta, hakitoki. Kumbe ni mimi na kitambaa changu cha kichwani! Nikavaa baibui jeusi. Majirani waliniona nimejifunika gubigubi, nimeinamia maharage asubuhi yote, wakamwambia Zaina mama yako amechanganyikiwa kwa msiba. Waache.

Na kalamu ilale sambamba na kamera. Ukiielekeza kwako, ncha inakuwa safi na mwili unapotelea mbali. Hilo halikuwa la Issa. Nililigundua mwenyewe, baada ya kumharibia filamu nzima, na siku hizi filamu haipatikani ovyo.

Picha zikapanda dirishani. Watu wakaja. Mkunga akaitambua yake kwa mkwaruzo wa kifuniko, karani wa zamani kwa ncha iliyopinda. Akaja pia bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa, akaonyesha ile yenye pete ya dhahabu. Nikamwuliza, "Upande wa pili kuna nini?" Akafikiri. "Kuna... upande mwingine wa kalamu." Nilimfukuza mpaka kona.

Na kila aliyechukua yake nilimkalisha, nikamwambia aandike jina lake nyuma ya picha kwa kalamu ile ile. Zikaondoka nane.

Sasa ya tisa. Hapa nisikilize, na usinikatize.

Siku ya kwanza nilipofungua bati, ile iliyokuwa chafu kuliko zote niliiosha. Kifuniko nilikiweka kando, mwili nikautia kwenye maji ya moto na sabuni, kama kikombe. Wewe ulikuwa ukizifuta kwa kitambaa kikavu, na mimi nilidhani ni uvivu. Nilipoitoa, weusi umekwenda. Imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kifuniko cheusi, mwili kahawia. Hukuniambia kwamba ule mpira mgumu waliotengenezea kalamu za zamani hautaki maji ya moto! Miaka arobaini ya ndoa, hukuniambia!

Picha za Issa hazina rangi. Kosa langu halikuonekana. Nikafurahi, na wewe sikufichi kitu. Ilikuwa ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote, mkia wa kalamu tu, na alama za meno ya mwenyewe. Mashimo mawili, na katikati pamebaki laini.

Juzi akaja mzee mmoja kutoka Niboye, Mwalimu Tadeyo, amestaafu. Akasimama dirishani akasema, "Ile nimeitafuna mimi." Upande wa pili kuna nini? "Kwenye kifuniko kuna msalaba mdogo, niliuchora kwa sindano." Kweli, upo. Nikamkabidhi. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii si yangu, mama. Kifuniko ni changu. Mwili wangu iko nyeusi. Mzee wako alibadilisha."

Alisema kwa sauti. Fundi cherehani akasimamisha mashine. Muuza sambusa akageuka. Jina lako, Baba Zaina, pale pale kwenye barabara uliyokaa maisha yako yote bila kuchukua hata kofia ya kalamu ya mtu.

Mimi kukiri kosa mbele za watu, unanijua. Lakini nikasema. "Mume wangu hakubadilisha kitu. Niliiharibu mimi, kwa maji ya moto, kwa kutojua." Mdomo ulikuwa mchungu kama nimemeza kwinini. Na yeye akatikisa kichwa kwa upole, ndio ubaya wenyewe, akasema, "Unamtetea marehemu, mama. Ni vizuri."

Kunihurumia? Mimi? Nikaing'oa ile picha dirishani nikamwekea mbele ya pua. "Ulisema umeitafuna. Haya, tafuna!"

"Mukecuru, mama mzee, mbele ya watu?"

"Umemtukana mbele ya watu. Uma!"

Akauma. Meno mawili ya mbele yakaingia kwenye mashimo yao kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani, na ule mwanya wake ukakaa palipobaki laini. Fundi cherehani akachungulia picha, akachungulia meno, akapiga makofi. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akatoa machozi, kalamu bado iko mdomoni. Kisha akavua kofia. "Mzee anisamehe," akasema. "Na wewe mama, kahawia si mbaya, hata mimi nimebadilika rangi." Akaandika jina lake nyuma ya picha, Tadeyo, taratibu, kama anaandika ubaoni.

Kwa hiyo zimekwisha. Hili bati sasa lina picha tisa zenye majina tisa, na karatasi zako za Hadija chini yake. Nakuandikia kwa hii kalamu ya plastiki uliyokuwa ukiiita msumari, maana nzuri zote zimekwenda kwao, na wewe hukuwahi kuwa na yako. Issa ananiita nikampigie pete za maharusi kwa karibu. Naenda na kioo chako na mfuko wangu wa maharage. Nakuahidi kioo sitakikwaruza. Nikija huko kwako nakuja nacho.

Kwaheri, mume wangu. Lala sasa, huna kitu cha mtu. Na huko ulipo, mtu akikuletea kalamu, kabla hujaigusa ncha yake, andika jina la mwenyewe. Langu andika baadaye.