Mkate wa Siagi Siku ya Kupimwa Figo

Mpendwa mshauri,

Kabla sijaomba msaada, naomba nitumie ukurasa wako kuutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba Jumatatu iliyopita, saa moja na dakika kumi asubuhi, mimi, mwanaume wa miaka hamsini na mbili mwenye akili timamu kwa maoni ya mama yangu mzazi, nilikula vipande viwili vya mkate wa siagi nikashushia na chai ya maziwa. Hakuna aliyejeruhiwa. Shughuli za mtaa ziliendelea kama kawaida.

Taabu ni kwamba saa mbili asubuhi hiyohiyo nilitakiwa hospitali, tumbo tupu, nitolewe damu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtaani wananiita Chuma, cheche zikiniangukia mkononi nazipangusa kama vumbi, lakini mshauri, dada yangu mkubwa figo zake zote mbili zimekufa, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na tulipoitwa ndugu wote sebuleni kwake tukaambiwa anahitajika wa kumtolea figo moja, mdogo wetu wa mwisho, mshona nguo, mwembamba kama futi yake ya kupimia, aliinua mkono, na mimi kabla hajafungua mdomo nikasimama nikasema, "Shusha mkono wewe, Chuma nipo!" Watu wakapiga makofi, shemeji akatokwa na machozi, nami nikaketi kichwa kimenivimba hata nikawa na mashaka kama kitapita mlangoni.

Tangu siku hiyo sina raha, kwa sababu nilidhani figo inatolewa tu, kumbe kwanza unapimwa wewe, wanapima sukari, presha, moyo, mkojo wa siku nzima kwenye dumu, wanakukagua kama gari la mtumba, na baba yetu alikuwa mzima kabisa, anabeba magunia, mpaka siku alipokwenda kupimwa, miezi minne baadaye tukamzika, basi kila nikiikumbuka sindano ya kutolea damu natafuta kisingizio. Mara ya kwanza nilisahau nikanywa chai. Mara ya pili nilimpigia simu muuguzi nikamwambia nina mafua, nikawa nakohoa katikati ya maneno ili aelewe. Mara ya tatu ndiyo hii ya mkate, mke wangu ananiuliza, "Mbona nilikuwa nimeuficha juu ya kabati, umeufikiaje?" na mimi kwa kweli nilipanda kiti bila hata kufikiri, mshauri, kichwa kimechoka, miezi miwili sasa imepita na hospitali inapima mtu mmoja mmoja, hawamwiti mwingine mpaka wamalizane na mimi. Nifanyeje nisiwe nasahau?

Ni mimi, Chuma

*

Bwana Chuma,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikamkumbuka dada yako, nikaona haya kwa kicheko changu na kwa ushujaa wako.

Hujasahau kitu. Mtu aliyesahau hula kilicho mezani. Wewe ulivuta kiti, ukapanda na miaka yako hamsini na mbili, ukapapasa juu ya kabati, ukashuka na mkate, ukatafuta siagi, ukatafuta kisu. Hiyo ni kazi ya mafundi wawili na msaidizi! Na bado unaniomba mimi dawa ya kumbukumbu. Chuma gani wewe, unayeyuka kabla ya siagi?

Hofu yenyewe sikucheki. Mimi nikichomwa sindano nafumba macho, na mwaka jana nilimng'ang'ania mkono muuguzi nisiyemjua hata jina, akaniambia, "Baba, bado sijaanza." Kuogopa kugunduliwa ugonjwa ni kitu cha kila mwenye mwili. Lakini habari ya baba yako uiweke sawa. Kipimo hakikumletea maradhi. Kilimkuta nayo, amekwisha kuchelewa. Kama na wewe unayo, unayo tangu sasa, ukiwa umeshika mkate, na kutokujua hakuyapunguzi hata chembe.

Ninachokudharau kwacho ni kimoja. Kuna mtu aliinua mkono, ukaushusha. Ukachukua makofi yake, ukachukua nafasi yake kwenye foleni, kisha ukaketi hapo mlangoni unakunywa chai. Dada yako anadhani anangoja figo, kumbe anakungoja wewe umalize kifungua kinywa. Ungesema "naogopa" siku ileile sebuleni, ungekuwa mwanaume mwoga. Sasa ni mwoga anayeziba njia, na hao wawili hawalingani.

Sikiliza basi. Leo hii, kabla hujawasha mashine yako ya kuchomelea, mpigie muuguzi, bila kukohoa. Mwambie ulikula makusudi na kwamba unaogopa; hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Omba kuonana na daktari peke yako, bila mke, bila shemeji. Mwambie kila kinachokutisha, akueleze kila kipimo kinatafuta nini. Ukiona hutaki kutoa figo, sema hutaki. Ni haki yako, na watakuwekea siri. Nyumbani wataambiwa tu kwamba hukufaa, basi. Ukitaka, taja siku, na usiku wa kuamkia siku hiyo mkeo alale na mkate chini ya mto wake. Lakini kwa vyovyote vile, jioni ya leo nenda kwa mdogo wako pale anaposhona, umwambie kwa mdomo wako ajiandae, na umwombe radhi kwa ule mkono.

*

Jibu hilo sikungoja lichapwe, nilimtumia Chuma siku hiyohiyo. Wiki tatu baadaye alinijibu, akaniruhusu niliweke hapa:

Mshauri, umenitukana vizuri, ahsante. Nilikwenda. Sukari yangu haina neno. Presha ndiyo iko juu. Walinifunga mashine ya kupimia presha mkononi mchana na usiku, wakarudia, wakasema nianze vidonge na kwamba kutoa figo siwezi. Nilitoka nikalia pale koridoni mpaka watu wakageuka. Mke wangu akanikumbatia, shemeji akanipigapiga mgongoni, "Usijilaumu, kaka, umefanya uliloweza." Mtaani wananisalimia kwa sauti ya chini kama nimefiwa.

Ukweli ni kwamba nililia kwa furaha. Nilifurahi mshauri, na nikawaacha wanipe pole. Mdogo wetu alikwenda kupimwa Jumanne iliyofuata, kila kitu kikaenda sawa, bado vipimo viwili tu. Angeweza kuwa amefika hapo miezi miwili iliyopita.

Nilishindwa kukaa na jambo hilo. Juzi nikaenda hospitali, dada amelala na mirija mkononi, nikamwambia yote, mkate, mafua ya uongo, na kile kilio.

Akasema, "Najua."

"Unajua nini, dada?"

"Nimekulea mimi. Nimeambiwa ulilia kwa sauti; kilio chako cha huzuni hakina sauti."

Nikamwomba msamaha. Nilitegemea atasema yameisha, ndivyo alivyo siku zote. Akaitazama mashine, akasema, "Nimelala hapa mara ishirini na saba nikikungoja wewe. Msamaha tutauzungumza. Sasa vuta kiti, ukae mpaka hii kitu imalize."

Nikakaa. Mara zote nilikuwa nampelekea matunda, namsalimia, naondoka. Nilidhani ni kama nusu saa hivi. Katikati alianza kutetemeka kwa baridi, nikamfunika shuka, akasema bado, nikamfunika na koti langu la kazi. Mguu ukamkaza, nikaukanda. Kusafishwa damu kunachukua masaa manne, mshauri. Sikuwahi kujua ni masaa manne.